Wembamba wa Reli: Injini Ndogo za Mvuke Zinazovuta Watu Wazima

Waswahili husema, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunauelewa msemo huo upesi. Reli yetu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kampala mwaka 1931 ina upana wa mita moja tu, na juu ya upana huo zilipita injini za mvuke za aina ya 59, kila moja yenye uzito wa tani 252. Lakini ziko reli nyembamba kuliko hiyo. Upana wake hauzidi shibiri moja, na injini zake hazimfikii mtu mzima magotini au kiunoni, nazo hubeba watu kwa nguvu ya moto na maji kama zilivyobeba zile kubwa.

Leo tunapenda kuwaeleza askari wenzetu wa jeshi na polisi habari za watu wanaozijenga injini hizo kwa mikono yao wenyewe. Hawafanyi hivyo kwa mshahara, wala hakuna aliyewaamuru. Huifanya kazi hiyo saa za mapumziko, kwa mapenzi tu. Hata hivyo wamejiwekea nidhamu ambayo mtu aliyevaa sare hataona haya kuisifu.

SI CHOMBO CHA KUCHEZEA

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Injini hizi si vile vigari vya bati vinavyozungushwa kwa ufunguo juu ya sakafu. Ndani yake mna tanuri linalochoma makaa ya mawe, boila lenye maji, silinda, pistoni na vali, kila kitu mahali pake. Njia zake hujulikana kwa upana baina ya reli mbili. Huko Uingereza, ambako kazi hii ilistawi mapema, vipimo vinavyotumika sana ni inchi tatu na nusu, inchi tano, na inchi saba na robo. Marekani nyingi zina inchi saba na nusu.

Dereva hawezi kuingia ndani ya injini. Hukaa juu ya behewa dogo lililofungwa nyuma yake, akanyosha mkono kushika usukani wa mvuke na koleo la makaa lisilozidi kijiko cha kulia. Kwa zile nyembamba sana, reli hujengwa juu ya nguzo fupi ili abiria wakae wakipanua miguu, huku na huku, kama wapandao farasi. Vyama vya mafundi wa namna hii vina njia za mzunguko katika bustani za miji, na siku za Jumapili watoto na wazazi wao hupanda kwa nauli ndogo.

UBISHI WA MWAKA 1924

Zamani watu wengi hawakuamini kwamba injini ndogo sana yaweza kumvuta mtu. Kampuni mashuhuri ya Bassett-Lowke ya mjini Northampton ilikuwa ikiuza injini ndogo zilizopata moto kwa taa ya spiriti. Zilipendeza macho, lakini nguvu zake zilikuwa haba. Akatokea mtu mmjoa wa London, mtu wa kawaida asiye na mali, aliyeitwa Curly Lawrence. Alizaliwa mwaka 1883, na katika ujana wake alifanya kazi katika reli ya London, Brighton and South Coast. Akazichukua herufi za kwanza za jina la reli hiyo, LBSC, zikawa jina lake la kuandikia.

LBSC alishikilia kwamba injini ndogo ikipewa boila la kweli, lenye tanuri na mabomba ya moto kama ya garimoshi kubwa, na ikachoma makaa, itafanya kazi ya kweli. Mhandisi Henry Greenly na wenzake wa upande wa Bassett-Lowke wakampinga. Barua zikachapwa kwa wingi katika gazeti la Model Engineer, lililoanzishwa mwaka 1898, na ubishi huo ukaitwa Vita vya Maboila. Hatimaye, katika maonyesho ya mafundi yaliyofanyika London mwaka 1924, LBSC alileta injini yake iitwayo Ayesha. Njia yake ilikuwa na upana wa inchi mbili na nusu tu, yaani milimita 64. Ikavuta watu wazima mbele ya macho ya wote.

Siri yake haikuwa uchawi. Mvuke uliokwisha sukuma pistoni hutokea kwa kishindo kupitia dohani, na kila kishindo huvuta hewa katikati ya makaa. Kwa hiyo injini inapofanya kazi nzito zaidi, moto wake nao hukolea zaidi. Taa ya spiriti haina tabia hiyo. Mzigo ukiongezeka, moto wake hubaki vilevile. Baada ya hapo LBSC aliandika kwa zaidi ya miaka 40, mpaka karibu na kifo chake mwaka 1967, akiwafundisha watu wa kawaida hatua kwa hatua namna ya kujenga injini katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Mojawapo, aliyoiita Tich, ilikusudiwa wanaoanza, na mpaka leo ingali ikijengwa.

MAUMBILE HAYAPUNGUZWI KWA RULA

Mtu aweza kudhani kwamba kujenga injini ndogo ni kuchukua michoro ya ile kubwa na kugawanya kila kipimo. Sivyo. Tuseme injini imepunguzwa mara 12 kwa urefu. Uso wake wa nje hupungua mara 144, lakini nafasi ya maji ndani yake hupungua mara 1,728. Maana yake ni kwamba maji machache yamezungukwa na uso mkubwa wa kupotezea joto, na boila dogo hupoa upesi kuliko kubwa. Mabomba ya moto nayo yakipunguzwa kwa kadiri ileile huzibwa na masizi mara moja. Kwa hiyo fundi huyapunguza idadi na kuyaacha yawe mapana.

Hata kioo cha kuonyesha kimo cha maji hakikubali kupunguzwa ovyo. Kikiwa chembamba mno, maji hunata katika kuta zake na kusimama juu kuliko kimo cha kweli katika boila. Dereva hudhani ana maji ya kutosha, kumbe kioo kinamdanganya.

KAZI YA MIAKA

Kazi huanza kwa mabamba mawili ya chuma yatakayokuwa fremu. Hukatwa kwa msumeno, hupigwa tupa, na hutobolewa yakiwa yamefungwa pamoja ili matundu yalingane. Magurudumu na silinda hununuliwa yakiwa vipande vya chuma kilichosubiwa, kisha fundi huyachonga mwenyewe katika mashine ya kukerezea. Pistoni yapaswa kuteleza ndani ya silinda bila kulegea wala kukwama. Boila nalo mara nyingi hufanywa kwa shaba nyekundu, ambayo hupashwa moto ili ilainike, hukunjwa kwa nyundo juu ya kiolezo, kisha viungo vyake hulehemiwa kwa madini yenye fedha.

Wengi hutumia saa chache za jioni baada ya kazi zao za riziki, na injini moja yaweza kuchukua miaka mitano, kumi, au zaidi. Wako walioanza wakiwa vijana wakamaliza wakiwa na wajukuu. Haba na haba hujaza kibaba.

SHERIA YA MAJI NA MOTO

Hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu askari watusikilize kwa makini. Boila la injini ya inchi tano hufanya kazi kwa mvuke wa ratili 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba, yaani karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Maji yanapogeuka mvuke hewani, hupanuka yapata mara 1,600. Udogo wa chombo haubatilishi sheria hiyo. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa sababu hiyo vyama vya mafundi havimruhusu mtu awashe moto mbele ya watu mpaka boila lake limekaguliwa na mkaguzi ambaye si yeye mwenyewe. Boila jipya hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu mpaka mara mbili ya nguvu litakayofanyia kazi. Hutumiwa maji baridi kwa kuwa kama pana udhaifu, yatavuja tu bila kulipuka. Vipimo vya baadaye hufanywa kwa mara moja na nusu ya nguvu hiyo, na kila mwaka boila hupimwa likiwa na mvuke ili kuona kama vali za usalama zinafunguka kwa wakati wake. Matokeo huandikwa katika cheti, na asiye na cheti haendeshi, hata akiwa mkubwa wa chama.

Dereva naye ana amri yake. Maji yakitoweka katika kioo, asikimbilie kusukuma maji baridi juu ya shaba iliyokwisha pata moto mkali. Kwanza autoe moto. Amri hiyo ni fupi, nayo imeokoa maisha.

Walt Disney, mtengenezaji filamu wa Marekani, alipenda sana kazi hii. Mwaka 1950 alikuwa na njia ya inchi saba na robo yenye urefu wa karibu mita 800 katika kiwanja cha nyumba yake huko Los Angeles, na injini aliyoipa jina Lilly Belle kwa heshima ya mke wake. Mwaka 1953 mgeni mmoja aliiendesha kwa kasi mno kwenye kona, ikaacha reli, na mvuke uliotoka mahali palipovunjika ukamchoma mtoto mdogo. Disney akaifunga njia hiyo. Alikuwa na mali na mafundi bora, lakini vyote hivyo havikuziba pengo la mtu mmoja aliyeshika usukani bila kiasi.

RELI NDOGO ILIPOVAA DERAYA

Jambo la mwisho lawahusu askari moja kwa moja. Mwaka 1874 Sir Arthur Heywood alijenga njia ya inchi 15 huko Duffield Bank, Uingereza, akitumaini kwamba jeshi lingeona faida ya reli nyepesi inayoweza kutandikwa upesi. Jeshi halikuvutiwa.

Miaka ikapita. Tarehe 16 Julai 1927 njia nyingine ya inchi 15 ilifunguliwa katika pwani ya Kent, iitwayo Romney, Hythe and Dymchurch. Mwenyewe alikuwa Kapteni Howey, tajiri aliyependa mashindano ya magari, na mhandisi wake alikuwa yuleyule Henry Greenly wa Vita vya Maboila. Injini zake zilikuwa na theluthi moja ya ukubwa wa injini kamili, na kazi yake ilikuwa kuwafurahisha watu waliokwenda pwani kupumzika.

Mwaka 1940 Ufaransa ilipoanguka, pwani hiyo ikawa mahali ambapo Wajerumani wangeweza kutua. Jeshi likaitwaa reli. Injini iitwayo Hercules ikavikwa mabamba ya chuma, ikawekwa katikati ya mabehewa mawili ya deraya yenye bunduki za rashasha za Lewis na bunduki za kupigia vifaru za Boys. Baadaye katika vita hivyo njia hiyo ilibeba vifaa vya bomba la mafuta lililolazwa chini ya bahari kutoka Dungeness kwenda Ufaransa. Amani iliporudi, ikarejea kwa abiria wake, na tangu 1977 hadi 2015 ilikuwa ikiwapeleka watoto shuleni. Mpaka leo ingali inakwenda.

Ikiwa reli hiyo iliweza kuitika ilipoitwa, sababu ni kwamba haikujengwa kwa mzaha. Wajenzi wake waliitunza miaka yote ya amani kama chombo cha kweli, na saa ya haja ilipofika kilikuwa chombo cha kweli. Bunduki iliyo ghalani, redio iliyo kituoni na gari la doria havitofautiani na boila lile la shaba: vyote hutunzwa siku ambayo hakuna haja navyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Askari apitaye Nairobi akipata nafasi, na aingie katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971, asimame kando ya injini ya aina ya 59 iitwayo Mount Gelai. Aitazame dohani yake, tanuri lake, na kioo chake cha maji. Kisha akumbuke kwamba yuko fundi mahali fulani aliyevitengeneza vyote hivyo kwa kadiri ya kiganja, na bado vikafanya kazi.