Amejifungua Salama, na Msamba Je?

Kupiga msamba kila mtoto anakujua, ila msamba wenyewe, ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, hautajwi hadi leba, na hata huko hutajwa kwa sauti ya chini. Mwanamke aliyefanyiwa operesheni ana mshono, na kila anayekuja kumpa pole huuliza mshono unaendeleaje. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida huambiwa amejifungua salama, yakaishia hapo. Kama alichanika, au aliongezewa njia akashonwa nyuzi, hiyo ni siri yake na beseni lake la maji ya chumvi. Tumezoea kusema kidonda hicho kinataka subira tu. Mimi naona subira tumeibebesha mzigo usio wake. Mama atapona vipi ni jambo linaloamuliwa kwanza na macho na kidole cha mkunga katika saa ya kwanza, kisha na mtu atakayekiangalia kidonda tena katika wiki zinazofuata. Na hilo ni kweli zaidi kwa mama wa Kitaya, kata ya Halmashauri ya Mji wa Nanyamba iliyo ukingoni mwa Ruvuma, ambaye akisharuhusiwa kurudi nyumbani hana sababu nyepesi ya kurudi kituoni.

Wataalamu hugawa kuchanika katika madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu, la pili hufika kwenye misuli ya msamba, la tatu hugusa msuli unaobana njia ya haja kubwa, na la nne hupasua mpaka ndani ya njia yenyewe. Madaraja mawili ya kwanza ndiyo ya kawaida, na mengi hupona vizuri. Taabu ni kwamba daraja la tatu linaweza kufanana na la pili kwa mtu aliyetazama kwa haraka, damu ikiwa bado inatoka na mtoto analia. Katika hospitali moja ya Croydon, London, wanawake 241 waliokuwa wakijifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza walikaguliwa mara ya pili na mtu aliyefunzwa hasa kazi hiyo. Ukaguzi wa kwanza ulikuwa umeona majeraha ya msuli huo kwa asilimia 11. Wa pili ukaona kwa karibu robo ya wote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Taa zilikuwepo, madaktari walikuwepo, vifaa vilikuwepo. Kilichopungua ni kuangalia, na kuangalia huku ni pamoja na kuingiza kidole chenye glavu katika njia ya haja kubwa, kabla ya kushona na baada ya kushona. Msuli uliokatika ukifunikwa kwa ngozi iliyoshonwa vizuri, kidonda kitakauka, mama ataambiwa amepona, na miezi baadaye atashindwa kuzuia upepo mbele za watu bila kujua kwa nini.

Sasa atasema mtu: hata ukigundua, utafanya nini Kitaya? Daraja la tatu na la nne hushonwa chumba cha upasuaji, kwa ganzi ya kutosha, na mtu mwenye ujuzi, na hayo yako Mtwara mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au ile ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Pingamizi hili lina uzito kuliko mengine yote, na bahati njema lina jibu. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake 161 waliochanika hivyo. Wengine walishonwa papo hapo, wengine walisubiri saa 8 hadi 12. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wao wa kuzuia haja haukutofautiana. Maana yake damu ikishadhibitiwa, safari ya kutoka Ruvuma hadi mjini haimpotezei mama nafasi yake ya kupona. Kinachompotezea ni kushonwa kwa kukisia na kupandishwa kwenye bodaboda kesho yake, akikalia paja moja, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine umeshika shati la dereva. Na aliyeshonwa ipasavyo ana matumaini makubwa: kati ya wanawake 60 na 80 katika kila 100 waliorekebishwa msuli huo hawana dalili yoyote mwaka mmoja baadaye.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ya kuchanika ni kumwongezea njia kila mzazi wa kwanza, kwa hoja kwamba mkasi hukata pazuri kuliko mwili unavyochanika wenyewe. Hoja hii ilitiwa nguvu na Joseph DeLee wa Chicago mwaka 1920, ikaenea leba za dunia nzima kabla ya mtu kuipima. Ilipopimwa nchini Argentina kwa wanawake 2,606, na matokeo kutolewa mwaka 1993, waliokatwa kwa lazima tu hawakupata majeraha makubwa zaidi kuliko waliokatwa kwa desturi; tena maumivu na matatizo ya kupona yalikuwa machache kwao. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuongeza njia kwa desturi hakupendekezwi. Linachopendekeza ni pamoja na kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kuwekwa msambani mama anaposukuma, kwa sababu hupunguza kuchanika kubaya.

Hapo ndipo desturi yetu na utafiti vinapokaribiana kwa namna ya kuchekesha kidogo. Maji ya moto tunayo, ila tunayaleta yakiwa yamechelewa na yamechemka mno. Mzazi hukandwa na bibi au mama mkwe kwa kitambaa kinachotoa mvuke, na wengine hukalishwa kwenye beseni. Sioni haja ya kuwagombeza mabibi. Kukandwa kunampa mama mtu wa kukaa naye, kulala na kulishwa, na hayo ni tiba. Lakini nyama iliyoshonwa haiungi haraka kwa kuunguzwa. Siku za kwanza kinachotuliza uvimbe ni ubaridi, hata kitambaa safi kilicholowekwa maji ya mtungini kikakamuliwa. Uji wa pilipili manga na supu viendelee, ila bila papai, mboga za majani na maji mengi choo kitakuwa kigumu, na hakuna kinachomtisha mwenye nyuzi kama choo kigumu. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha, kikifunguka, au maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, hapo ni kituoni, hata kama arobaini haijatimia.

Wapo pia watakaosema tuna makubwa zaidi. Vifo vya uzazi Tanzania vilihesabiwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Huko ndiko pesa ziende. Sibishi kuhusu pesa. Ila kina mama wengi zaidi wanaotoka leba wakiwa hai ndio hao hao wanaorudi bondeni kupalilia mpunga wamechuchumaa, na msimu wa korosho kuinama mchana kutwa kuokota chini ya mikorosho. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo kwa sheria ya 2004. Mkulima ana shemeji wa kumsaidia, au hana. Kuinua ndoo kabla misuli haijapata nguvu ni jambo la kuzungumzwa na mume pia. Na misuli hiyo ina mazoezi yake: kuibana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, kuhesabu, kuachia, mara kadhaa kwa siku. Kusini, ambako unyago bado una heshima na somo husema mambo ya mwili bila kuzunguka, mazoezi haya yasingekosa mwalimu, kama mkunga na somo wangekaa jamvi moja.

Linabaki suala la aibu, na la wauguzi wachache. Mwongozo wa Tanzania unamtaka mama aonwe ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Siku ya 42 ni wiki ya sita, ambayo mtoto huletwa chanjo kwa vyovyote vile. Mtoto hupimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia, kadi yake huandikwa, na mama anakaa benchi akisubiri, mara nyingi bila kuulizwa lolote kuhusu nafsi yake. Pazia la khanga na dakika tano zinatosha, ruhusa ikiombwa kwanza. Na akikataa kukaguliwa, bado anaweza kuulizwa kwa sauti ya chini: mama, upepo unaweza kuuzuia?