PONO, SAMAKI MWENYE USINGIZI MZITO

Watu wa pwani wakimwona mtu alalaye hata asiamke upesi, husema, "Ana usingizi kama pono." Wasomaji wa bara wasiopata kumwona samaki huyu huenda wakadhani ni mzaha tu, lakini msemo huo una kweli ndani yake.

Pono hukaa katika miamba ya matumbawe, naye huonekana pwani yote ya Afrika ya Mashariki, tangu Lamu hata Mtwara. Magamba yake ni makubwa, na meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Katika aina nyingi, majike huwa na rangi hafifu. Baadaye baadhi yao hugeuka kuwa madume, na ndipo wapatapo rangi kali za kijani na buluu.

Mchana kutwa pono hula. Hukwangua mwani mfupi uotao juu ya mawe ya matumbawe, akameza na vipande vya mawe yenyewe. Kooni ana meno mengine, ambayo husaga yote kama mawe ya kusagia unga. Chakula huingia mwilini, na mawe hutoka yakiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka mmoja.

Usiku huingia pangoni akalala. Aina kadhaa hujifunika kwa mfuko wa ute utokao kinywani, nao huwakinga na wadudu wanyonyao damu. Lakini ute huo haumzuii mvuvi mwenye taa na mkuki, ambaye aweza kuwachoma pono wengi waliolala bila taabu yoyote.

Hasara yake si ndogo. Pono wakipungua, mwani hufunika mawe, na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya yakafa. Mawe ya namna hiyo yasipokwanguliwa, hayapati uhai tena upesi. Tena mwamba ndio uvunjao nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukoni, na ndio makao ya samaki wengine wauzwao sokoni.

Kwa hiyo mvuvi awaachaye pono wa kutosha mwambani hakupoteza kitoweo; amejiwekea akiba yeye na watoto wake.