Kamera za Magari na Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia kwa Watumiaji wa Barabara Kilosa na Mikumi

Barabara Kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na Tunduma, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Katika kipande hicho mabasi ya abiria, malori ya mizigo yaendayo Zambia, magari madogo na wanyamapori wanaovuka hutumia lami ileile. Katika mji wa Mikumi, barabara hiyo hukutana na ile iendayo Kidatu na Ifakara upande wa kusini, na ile iendayo Kilosa upande wa kaskazini, ambako wananchi wengi wa vijijini hutegemea bodaboda.

Ajali inapotokea katika barabara hizo, mara nyingi ukweli hutafutwa katika maelezo ya pande mbili zinazopingana. Msafiri aliyeshuhudia huwa amekwishaendelea na safari yake, na mwendesha bodaboda aliyejeruhiwa huenda asiwe na hali ya kujieleza. Kwa sababu hiyo, baadhi ya madereva wameanza kufunga kamera zinazorekodi mwenendo wa safari. Hata hivyo, kamera humfaa mmiliki pale tu inapotoa picha inayosomeka, yenye muda sahihi na iliyohifadhiwa bila kuguswa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayopaswa kuongoza uchaguzi.

Kamera ya gari hurekodi mfululizo katika vipande vifupi vya dakika moja hadi tatu. Kadi ya kumbukumbu inapojaa, kipande cha zamani zaidi hufutwa ili kupisha kipya. Ndani yake huwa na kihisi mtikisiko ambacho, gari linapogongwa au kufunga breki kwa ghafla, hukifunga kipande cha wakati huo kisifutwe.

Kuhusu uwazi wa picha, mnunuzi asitosheke na sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa mabasi na malori yenye uzito unaozidi tani 3.5, husafiri takribani mita 22 kila sekunde. Kamera inayochukua picha 30 kwa sekunde huliona gari hilo likisogea kiasi cha sentimita 74 kati ya picha moja na inayofuata. Hivyo, kiwango cha 1080p na picha 30 kwa sekunde kichukuliwe kuwa cha chini kabisa. Ni vema kumwomba muuzaji aonyeshe video iliyorekodiwa usiku, kisha kuangalia kama namba za usajili za gari la mbele zinasomeka taa zikiwa zimewaka. Kwa anayepita hifadhini alfajiri au baada ya jua kuzama, uwezo wa kuona gizani una uzito kuliko ukubwa wa kioo cha kamera.

Jambo la pili ni joto. Gari lililoegeshwa juani Mikumi au Kilosa hupata joto kali nyuma ya kioo cha mbele, na betri ya lithiamu iliyomo ndani ya kamera huweza kuvimba au kufa mapema. Kamera zinazotumia kapasita badala ya betri hustahimili joto vizuri zaidi. Aidha, wamiliki wa malori wahakikishe kifaa kinakubali umeme wa volti 24, kwa kuwa magari madogo na pikipiki nyingi hutumia volti 12.

Kwa pikipiki, kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya gari haifai. Mtikisiko wa barabara za vumbi, mvua za masika na matope huiharibu kwa muda mfupi. Mwendesha pikipiki achague kifaa kisichopitisha maji wala vumbi, cha kiwango cha IP67 kwa mfano, chenye lenzi ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa bodaboda huweza pia kugongwa kutoka nyuma. Nyaya zifungwe na fundi mwenye ujuzi na ziwekewe fyuzi. Kamera isizuie taa wala kubana usukani.

Kadi ya kumbukumbu nayo isipuuzwe. Kadi za kawaida huchoka haraka zinapoandikwa upya kila siku, hivyo zinunuliwe zile zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Video ya 1080p huweza kutumia takribani gigabaiti 7 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, kadi ya gigabaiti 64 huhifadhi saa tisa hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Ni vema kuikagua angalau mara moja kwa mwezi, maana kadi iliyoharibika haitoi taarifa hadi siku inapohitajika.

Kamera yenye GPS huandika mahali, mwendo na muda juu ya picha. Taarifa hizo zina umuhimu wa pekee ndani ya hifadhi, ambako kuna vikomo vya mwendo na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Tarehe na saa zirekebishwe kufuata saa za Afrika Mashariki. Dereva akumbuke pia kuwa kamera haina upande: itaonyesha kosa la mwingine, na itaonyesha mwendo wake mwenyewe.

Kisheria, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani. Katika kuupima, mahakama huangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukubadilishwa. Kwa hiyo, baada ya ajali mmiliki azime kamera, aitoe kadi na kuitunza kama ilivyo. Asikate wala kuunganisha vipande. Polisi na kampuni ya bima wajulishwe mapema kuwa rekodi ipo, na nakala ibaki kwa mmiliki.

Wakati huohuo, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka utaratibu wa kukusanya na kutumia taarifa za watu. Kusambaza mitandaoni sura za majeruhi au marehemu si matumizi yaliyokusudiwa ya kamera. Mwenye gari la abiria anayerekodi ndani ya gari awajulishe abiria wake, na kinasa sauti kizimwe kama hakina sababu.

Mwisho, kamera ifungwe nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, mahali pasipozuia macho ya dereva, na isiguswe gari likiwa katika mwendo. Kamera hueleza ajali ilivyotokea, lakini haiwezi kuizuia. Mwendo wa kadiri, kofia ngumu iliyofungwa vema na kuwapisha wanyama wanaovuka bado ndiyo kinga ya kwanza kwa kila anayepita Mikumi na Kilosa.