Unataka kuanza kukimbia? Anza na kiatu kinachokutosha na mwendo wa mchakamchaka

Kila baada ya kipindi cha michezo, swali moja hurudi kwenye simu ya studio: “Nataka kuanza kukimbia, ninunue raba gani?” Anayeuliza anaweza kuwa kijana wa hapa Makorora, dereva wa bodaboda wa Muheza, au mama wa Mkinga aliyeambiwa zahanati kwamba presha imepanda na mwili unahitaji mazoezi. Wengine huuliza kama zinapatikana raba za aina wanayovaa akina Alphonce Simbu, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo Septemba 15, 2025, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Jibu fupi ni hili: nunua raba inayokutosha, hata kama haina jina. Halafu anza polepole kuliko unavyodhani. Wengi wanaoacha mazoezi wiki ya pili au ya tatu hawakushindwa na mbio. Walibanwa na kiatu, au waliuharakisha mwili ambao haujazoea.

Nalisema hili kwa uzoefu. Nilipoanza, nilinunua raba ya mtumba inayong'aa, namba moja chini ya yangu, kwa sababu ilikuwa na jina kubwa na bei nzuri. Siku ya kwanza nikakimbia mpaka pumzi ikakata. Wiki mbili baadaye kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, ugoko unauma kila ninapokanyaga, na nikakaa mwezi mzima bila kukimbia. Pesa ilikwenda na hamu nayo ikapungua.

Kiatu kinafanya kazi gani?

Unapotembea, mguu mmoja huwa chini wakati wote. Unapokimbia, kuna muda miguu yote miwili iko hewani, kisha uzito wote unatua juu ya mguu mmoja, tena kwa nguvu inayofikia mara mbili au tatu ya uzito wako. Sponji iliyo chini ya raba hupunguza makali ya kishindo hicho, na soli ya nje huzuia kuteleza na kuchomwa. Hapo ndipo kazi ya kiatu inapoishia. Hakiwezi kukupa pumzi, wala hakiwezi kuulinda mguu unaolazimishwa kukimbia kilomita nyingi kabla haujawa tayari.

Raba ghali za wakimbiaji wa marathoni zina bamba gumu la kaboni ndani ya sponji. Zimetengenezwa kwa watu wanaokimbia kwa kasi kubwa, na huchakaa mapema. Anayeanza hazihitaji.

Huenda pia umeambiwa kwamba ni lazima mguu wako upimwe kama ni bapa au una tao ndipo uchaguliwe kiatu. Jeshi la Marekani lililifanyia jambo hilo majaribio kwa askari wapya: wengine waligawiwa viatu kulingana na umbo la unyayo, wengine wakapewa aina moja bila kujali umbo. Tofauti ya kuumia kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo kipimo chako cha kwanza kiwe mguu wenyewe: ukivaa, ukatembea na kuruka kidogo, unajisikia vizuri?

Pima mguu nyumbani kabla ya kwenda sokoni

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima, na huvimba pia unapokimbia. Simama juu ya karatasi, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kwa rula. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa. Fuata ule mkubwa.

Namba za viatu huchanganya kwa sababu Ulaya, Uingereza na Marekani kila mmoja ana zake. Kwenye raba nyingi kuna lebo ndogo ndani ya ulimi, na humo kuna namba ya sentimita. Itafute hiyo. Ongeza kati ya nusu sentimita na sentimita moja juu ya kipimo cha mguu wako. Ukiwa umesimama na soksi unayokimbilia, nafasi kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu iwe karibu na upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisipande na kushuka, na vidole viweze kuchezacheza bila kubanwa pembeni.

Jinsi ya kuukagua mtumba

Iwe ni soko la Mgandini au gulio la kijijini kwenu, usione haya kukagua. Muuzaji mzuri atakuacha ukague.

Kwanza, bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Ikirudi upesi, bado ina uhai. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyolala, imekufa hata kama juu kiatu kinang'aa.

Pili, weka viatu vyote viwili juu ya meza, uvitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa zamani alikwishakipinda, na wewe kitakupinda.

Tatu, geuza soli. Kama vijino vimelika upande mmoja tu hadi sponji inaonekana, kiache.

Nne, kunja kiatu. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama ndala, hakina nguvu.

Tano, vuta soli taratibu pembeni. Raba iliyokaa sana stoo gundi yake huachia, na soli za aina fulani humeguka kama mkate mkavu.

Sita, toa soli ya ndani na upapase chini yake, kisha papasa sehemu ya kisigino. Ikiwa imechanika, itakuchubua.

Fanya hivyo hivyo hata kwa raba mpya, maana za bandia ni nyingi na jina ubavuni si ushahidi. Raba bapa za kitambaa, njumu za mpira na viatu vizito vya kikapu si vya kukimbilia barabarani. Ukibakiwa na fedha kidogo, nunua soksi zisizo za pamba tupu. Pamba hushika jasho, soksi ikaloa, malengelenge yakafuata.

Raba nzuri kwa kawaida hubeba kilomita 500 hadi 800. Ukikimbia mara tatu kwa wiki, kilomita nne kila mara, hizo ni 12 kwa wiki na 624 kwa mwaka. Maana yake, raba mpya ya kukimbilia tu inaweza kukufikisha mwaka. Usiivalie shambani wala kwenye pikipiki. Ikiloa wakati wa masika, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Jua kali na moto wa jiko huachanisha gundi.

Vipi kuhusu kukimbia peku?

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu. Aliyekulia peku ana nyayo na vigimbi vilivyozoea. Lakini mtu mzima aliyevaa viatu miaka 20 akivivua ghafla na kukimbia kilomita tatu, kano ya nyuma ya kisigino italalamika. Ufukweni nako, mchanga laini huchosha vigimbi haraka, na mteremko wa kuelekea majini huufanya mguu mmoja ukanyage chini kuliko mwenzake. Subiri maji yakupwe, ukimbie penye mchanga mgumu ulio sawa, na angalia chupa na makombe. Mwenye kisukari asikimbie peku kabisa, na akague nyayo zake kila siku, kwa sababu anaweza kupata kidonda asikisikie.

Mwendo sahihi tuliufundishwa shuleni

Unakumbuka mchakamchaka? Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, mguu unafuata wimbo. Mwendo ule ambao bado unaweza kuitikia ndio mwendo wa anayeanza. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umekwenda kasi mno. Punguza, hata kama anayetembea anakaribia kukupita.

Sababu ni hii. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana wiki ya tatu mtu hujiona ana pumzi, anaongeza kilomita, na ugoko ndio unaomrudisha nyumbani.

Fuata mpango huu, mara tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja ya kupumzika katikati. Kila mara anza na dakika tano za kutembea haraka, malizia na dakika tano za kutembea. Katikati pana dakika 24. Muda huo haubadiliki, kinachobadilika ni mgawanyo wake:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara sita.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 2, mara nne.
Wiki ya 7 na 8: kimbia 6, tembea 2, mara tatu.
Wiki ya 9 na 10: kimbia 11, tembea 2, kimbia 11.

Baada ya hapo jaribu dakika 20 mfululizo. Hatua ikikushinda, irudie wiki nyingine. Simu yako ina saa, hiyo inatosha.

Joto, barabara na mfungo

Pwani yetu ina joto la unyevu. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka, na hewa ikijaa unyevu halikauki. Ndiyo sababu wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mwendo uleule huchosha zaidi kuliko wakati wa kusi. Kimbia saa 12 asubuhi au jua linapotua, na kunywa maji kabla na baada. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi kwenye jua, simama, kaa kivulini, jimwagie maji. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya kufuturu ishia kwenye kutembea. Mbio ziwe usiku, chakula kikishatulia.

Barabarani pita upande wa kulia, uso ukitazamana na magari na bodaboda zinazokuja. Vaa nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa. Dada na mama zetu, nguo pana ya kujisitiri haizuii mazoezi mradi isifagie chini. Na ukiona haya kuwa peke yako, tafuta wenzako wawili: mtaa ukizoea kuwaona, maneno huisha.

Ujue maumivu ya kusimama nayo

Misuli ya miguu yote miwili kuuma siku mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee, ni ishara ya kusimama. Pumzika siku kadhaa, kisha rudi hatua moja nyuma kwenye mpango. Mfupa ukiuma ukiubonyeza, au ukiuma hata usiku ukiwa umelala, nenda hospitali.

Sote tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, na bado akafika mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Lakini yeye alikuwa Olimpiki, akiwakilisha nchi. Wewe Jumanne asubuhi una shamba linakungoja na watoto wanakutegemea. Kusimama si aibu.

Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu, au una zaidi ya miaka 40 na hujafanya mazoezi siku nyingi, pita kwanza zahanati upimwe. Maumivu ya kifua wakati wa mazoezi si ya kusubiri kesho. Na kama utaambiwa mbio bado, usivunjike moyo: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabiwa. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano, na raba ileile iliyokutosha itafaa.