Mtoto Akoromaye Kila Usiku

Wazazi wengi hufurahi wamsikiapo mtoto akikoroma, wakisema: "Amelala fofofo." Lakini twapenda kuwaeleza wazazi wa Basoko, pale mto Aruwimi uingiapo katika mto Kongo, na wazazi wa kila mahali, ya kuwa mkoromo wa kila usiku si dalili ya usingizi mwema. Ni sauti ya pumzi inayotafuta njia.

Nyuma ya pua na pande mbili za koo mna tezi zitusaidiazo kupigana na magonjwa. Kwa watoto wadogo, hasa wa miaka 2 hadi 8, pengine tezi hizo hukua mno zikaziba njia ya hewa. Mafua ya mara kwa mara na moshi wa kuni huzidisha taabu. Basi mtoto hulala kinywa wazi. Mara pumzi husimama kitambo, kisha hugutuka akitweta. Kunakucha naye hakupumzika.

Mchana husinzia darasani, au hawezi kutulia. Pengine aanza tena kukojoa kitandani. Mwaka 1976 daktari Christian Guilleminault na wenzake, huko Stanford, Marekani, waliandika habari za watoto 8 wa namna hiyo. Tusimwite mtoto mvivu, wala tusimpige kwa sababu ya ugonjwa wake.

Na meno je? Ulimi ukitulia juu kinywani, husaidia kaakaa kupanuka. Kinywa kikiwa wazi daima, ulimi hushuka na kaakaa hubaki jembamba. Hapo meno ya kudumu, yaanzayo kuota mtoto apatapo miaka 6, hukosa nafasi, yakasongamana au kutokeza mbele. Kweli, meno mengine hupindana kwa asili ya ukoo au kwa kunyonya kidole. Lakini yakiandamana na mkoromo, yafaa daktari ayatazame yote mawili.

Basi, mzazi, kesha kidogo kando ya mtoto, usikilize pumzi zake, ukamweleze daktari uliyoyasikia. Akiona tezi zimeziba njia, huenda zikaondolewa hospitalini, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa. Usikubali akatwe kilimi kwa wembe kijijini: huko kuna hatari ya kutoka damu nyingi na kupata pepopunda, na tezi zenyewe hubaki palepale.

Mtoto alalaye vema hupumua kwa pua, kinywa kimefungwa, kimya.