Programu Huria na Amana Iliyomo Ndani Yake



Katika makala haya tumeona ni vyema tulijibu swali aliloliuliza mwanafunzi mmoja wa darasa la juu, siku tulipowasha kompyuta zetu baada ya kuwekewa mfumo mpya. Aliuliza: "Ustadh, ikiwa programu hizi ni za bure, waliozitengeneza wamepata nini? Na zina kasoro gani hata zikatolewa bure?"

Swali ni zuri, maana sote tumelelewa kwa kuambiwa kwamba rahisi ni ghali. Tena sisi wenyewe tulikwisha uonja huo ughali. Kompyuta mbili tulizopewa na mfadhili zilitufikia zikiwa tupu. Tukamwita fundi wa mjini, naye akaziwekea programu kutoka kwenye diski yake ya kunakili. Hatukumuuliza ameipata wapi. Miezi michache baadaye mtu alichomeka flashi yenye virusi, na kesho yake matokeo ya mtihani wa mwaka hayakufunguka. Kinga ya virusi ilikuwapo kwa jina tu, kwani nakala yenyewe ilikuwa ya wizi na haikupokea marekebisho yoyote kutoka kwa watengenezaji. Waalimu wawili walikaa siku tatu wakiandika alama upya, na baadhi ya karatasi zilikuwa zimesharudi majumbani. Wazazi wengine mnakumbuka tulivyokujieni usiku kuziomba.

Lakini lililotuuma zaidi si virusi. Ni kwamba tulikuwa tukiwafundisha watoto haki za watu kwa kutumia kitu tulichokipata bila ya ridhaa ya mwenyewe. Wapo wasemao kuwa kunakili programu si wizi kwa sababu mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Suala hili wanavyuoni walishalijadili. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sheria na kwamba haijuzu kuzivamia. Basi zikabaki njia mbili: kununua leseni, na fedha hatuna, au kutafuta programu ambazo wenyewe wameruhusu zinakiliwe. Njia hii ya pili alituonyesha kijana wetu mmoja aliyesoma hapa na sasa yuko chuoni, alipokuja likizo.

Sasa tueleze programu ni nini. Ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini, hatua kwa hatua. Mtengenezaji huyaandika kwa lugha maalumu anayoweza kuisoma binadamu, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifahamu lakini mtu hawezi kuzisoma kwa urahisi. Makampuni mengi huuza hizo tarakimu tu na kuuficha msimbo. Ni mfano wa mganga anayekupa dawa iliyokwisha sagwa ndani ya karatasi: unaimeza, pengine ukapona, ila hujui ni mti gani. Programu huria ni ya mganga anayekuonyesha majani, akakuruhusu uyapande kwako na umgawie jirani. Tazameni basi kwamba neno lenyewe ni "huria", si "bure". Programu huria yaweza kuuzwa, na iko iliyo bure lakini imefungwa kabisa, kama nyingi za zile mnazozipakua kwenye simu.

Mambo haya yalianza na mashine ya kuchapa. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1980, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwapo mtaalamu aitwaye Richard Stallman. Mashine yao ya zamani ilipokwama karatasi, yeye alikuwa amerekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji wakaikwamue. Ikaja mashine mpya ya Xerox, nayo ikawa inakwama vile vile, lakini safari hii msimbo haukutolewa. Alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alijibiwa kuwa ameahidi kutompa yeyote. Wengine wangekasirika wakasahau. Yeye mwaka 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, akauita GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuisimamia kazi hiyo.

Jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yetu, si programu bali ni leseni iliyotoka mwaka 1989, ijulikanayo kama GPL. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Inaweka sharti moja: ukiugawa kwa wengine, hata baada ya kuurekebisha, uwape na wao ruhusa hiyo hiyo pamoja na msimbo. Huwezi kuuchukua ukaufungia kabatini. Kwa watu wetu mfano ulio karibu ni wakfu. Aliyechimba kisima akakiweka wakfu kwa ajili ya msikiti, hapana mtu wa baadaye awezaye kukiuza wala kukizungushia ua wa nyumba yake, hata kama yeye ndiye aliyekisakafia upya. Hatusemi kuwa leseni hii ni wakfu kisheria, maana wakfu una nguzo zake. Tunasema mfano unasaidia kufahamu.

Kazi ya GNU ilifika mbali ikabaki na upungufu wa kiini, yaani sehemu inayoendesha mashine yenyewe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwa wenzake kuwa anatengeneza mfumo mdogo kwa kujifurahisha. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ile ya GPL, na watu wa nchi mbalimbali wakaanza kumtumia marekebisho. Hicho ndicho kiini kiitwacho Linux. Kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo na nguvu kuliko zote duniani zinakitumia. Kwa hiyo aliyesema madrasa imewekewa "kitu cha maskini" (tulimsikia) anacho mfukoni mwake.

Faida yake ilifika hata kwenye lugha yetu. Mwaka 2004, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ilitolewa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kupiga mahesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kungoja kampuni ione kwamba Waswahili ni soko. Msimbo ulikuwa wazi, wakakaa wakatafsiri. Mrithi wa programu hiyo, LibreOffice, ndiye tunayemtumia sasa kuandikia jarida hili.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu: hao waandishi wanapata nini? Wengi huajiriwa na makampuni yanayozitegemea programu hizo, wengine ni wanafunzi wanaojifunza kazi, na wengine hujitolea tu. Utaratibu wao unafanana kidogo na wetu wa kusomeshwa Qur'ani. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, wenzake wakisikia, akikosea anarudishwa hapo hapo. Na wao mtu hupeleka marekebisho yake mbele ya watu wote, wazoefu huyapitia mstari kwa mstari, na mara nyingi humrudishia. Asiyevumilia kurudishwa hadumu.

Kuhusu kasoro, zipo, na si haki kuzificha. Msimbo kuwa wazi hakumaanishi kuwa kuna mtu anayeusoma. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika programu ya kulinda siri za mawasiliano, nayo ilikuwa imekaa humo takriban miaka miwili. Kilichotutisha zaidi ni tukio la mwaka 2024. Ipo programu ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yakimsukuma yule mzee wa kazi akabidhi madaraka. Akakabidhi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 yule msaidizi akapenyeza mlango wa siri, ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta nyingi za dunia. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Hakupuuza. Akafuatilia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi mbele yake akakifikia chanzo, na tarehe 29 Machi akauarifu umma.

Tumelieleza kwa urefu kwa sababu wazazi wengi husoma Msahafu kwenye simu, na hapo swali la nani ameyagusa maandishi si dogo. Tangu mwaka 2007 upo mradi wa Tanzil, unaotoa maandishi ya Qur'ani yaliyohakikiwa ili watengenezaji wa programu wayatumie. Ruhusa yao ina mpaka: unaweza kunakili na kugawa kama yalivyo na kutaja ulikoyapata, lakini kuyabadilisha hairuhusiwi. Programu yenyewe ibadilishwe rangi, sauti na mpangilio kadiri mtu atakavyo, Aya hazibadilishwi. Mkipakua programu ya Msahafu, tazameni kwenye maelezo yake maandishi yametoka wapi. Ikiwa haisemi, leteni simu madrasani tuilinganishe pamoja na Msahafu wa kuchapwa.

Na yule mwanafunzi muulizaji, mwezi uliopita aligundua neno la Kiswahili lililoandikwa vibaya kwenye mojawapo ya programu zetu. Tumemsaidia kuwaandikia watafsiri. Bado tunangoja jibu lao, naye kila jioni akifika huuliza kabla hajavua viatu.