Fundi Justo wa Mejorada

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nawaletea habari za mtu wa kweli, aliyezaliwa, akafanya kazi hadi uzeeni, akafa, na kazi ya mikono yake imesimama mpaka sasa. Jina lake ni Justo Gallego Martínez. Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1925 huko Mejorada del Campo, mji mdogo nchini Hispania, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya Madrid.

Kwao walikuwa wakulima. Justo akiwa bado mtoto, mwaka 1936, Wahispania wakaanza kupigana wao kwa wao, na masomo yake yakakatika. Lishikeni hilo, kwa sababu litawashangaza baadaye: huyu hakusomea uhandisi, wala hakukaa chini ya fundi yeyote akafundishwa kushika mwiko. Alichokijua ni jembe na shamba.

Alipokuwa kijana aliingia utawani, katika monasteri ya Watrapisti ya Santa María de Huerta. Alidhani angezeekea humo. Baada ya miaka kama minane akaugua kifua kikuu, na kwa kuwa iliogopwa angewaambukiza wengine, ikabidi aondoke. Kurudi nyumbani mgonjwa, huku lile ulilolitamani maishani limekuponyoka, si jambo dogo. Justo akaweka nadhiri: akipona atajenga kanisa kwa heshima ya Bikira Maria. Akapona. Tarehe 12 Oktoba 1961, sikukuu ya Bikira Maria wa Pilar, akaingia katika kiwanja alichoachiwa na wazazi wake, akaanza kuchimba msingi.

Alianza peke yake, bila kibali cha ujenzi na bila winchi ya kunyanyulia mizigo. Ramani hakuchora, ilikaa kichwani mwake. Usiku alipekua vitabu vyenye picha za makanisa na ngome za kale, akitazama jinsi wahenga wa Ulaya walivyopindisha matao na kusimamisha minara, na asubuhi akaenda kujaribu.

Najua mnataka kuniuliza, babu, vifaa alivipata wapi? Hapa ndipo ninapopapenda. Kiwanda cha matofali cha jirani kilikuwa na matofali yaliyopinda tanuruni au kumeguka pembe, ambayo hayauziki. Justo akayachukua. Kampuni za ujenzi nazo zikampa mabaki yao. Ukisimama mbele ya kuta zake leo utaona tofali moja limetokeza, lingine limezama, na rangi hazilingani. Fundi wa mjini angeona aibu. Justo alitazama kama ukuta unabeba mzigo wake.

Sasa nguzo. Mmewahi kuona mafundi wakimwaga zege? Zege bichi ni uji mzito wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Ukiliachia hutambaa chini. Ndiyo maana mafundi hufunga kwanza boksi la mbao, wakasimamisha nondo ndani yake, kisha wakamwaga zege na kulisubiri likaze. Nondo zina kazi yake. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka; chuma ndicho kinachostahimili kuvutwa. Vikikaa pamoja, kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenzake. Mbao za maboksi zingemgharimu fedha nyingi, naye hakuwa nazo. Basi akatafuta mapipa ya mafuta yaliyotupwa, akayafanya kalibu za nguzo zake. Ndiyo sababu nguzo za kanisa lile ni nene na za mviringo.

Vitu vingine vilifuata njia hiyohiyo. Magurudumu ya baiskeli yakawa kapi za kupandishia vitu juu. Makopo ya rangi na matairi makuukuu yakapata kazi mpya. Vioo vya rangi alivipondaponda, akagandisha chembe zake kwenye vioo vya madirisha. Jua likichomoza, sakafu inajaa wekundu, ubuluu na manjano.

Kazi iliyomtoa jasho zaidi ni kuba. Justo aliwaza lile kuba kubwa la Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, akataka lake lifanane nalo. Kuba ni jambo la hatari, wanangu. Halilali tu juu ya kuta kama bati. Uzito wake huzisukuma kuta zifunguke kwenda nje, na kuta zikikubali kufunguka, kuba linawaangukia walio chini. Kwa hiyo lazima kila kitu kinacholibeba kiwe kimeshikana. Vyuma vya kuba hilo alivipandisha kwa kamba na kapi akisaidiwa na watoto wa ndugu zake. Kilele chake kinakaribia mita 40, sawa na jengo la ghorofa kumi na mbili hivi.

Na majirani walisemaje? Walimwita kichaa. Mwaka baada ya mwaka walimwona na kofia yake nyekundu, amepanda juu ya ukuta, asiye na mke wala watoto, anauza na kukodisha mashamba ya urithi ili anunue saruji. Kanisa Katoliki halikuwa limemtuma. Manispaa haikumpa kibali, ila haikumbomolea pia. Nami sitawaficha: serikali hudai ramani na vibali kwa sababu nzuri, maana majengo yaliyojengwa kwa kubahatisha yameua watu wengi. Ujasiri wa Justo naupenda. Njia ya kujenga bila kupimiwa siwafundishi. Wahandisi walikuja kulipima jengo lake alipokuwa mzee sana, wakakuta kiunzi chake ni imara.

Polepole mji ulibadilika moyo. Vijana walianza kuja kumsaidia, wengine kutoka nchi za mbali, wakachanganya zege na kubeba matofali. Mwaka 2005 alionekana kwenye tangazo la kinywaji katika televisheni ya Hispania, na wageni wakamiminika, wengi wakiacha sadaka mlangoni. Mji ambao watu hawakuwa na sababu ya kuutembelea ukaanza kutafutwa kwenye ramani. Mtaa wa kanisa hilo unaitwa kwa jina la Antoni Gaudí, msanifu mashuhuri wa kanisa la Sagrada Familia la Barcelona. Watu huliita jengo la Justo kanisa kuu, ingawa kwa sheria za Kanisa Katoliki, hilo ni jina la kanisa lenye kiti cha askofu, na kule Mejorada hakuna.

Justo aliendelea kufanya kazi hata alipopita miaka 90. Alifariki tarehe 28 Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 96, jengo likiwa bado halijakamilika. Kabla ya kufa alilikabidhi kwa Mensajeros de la Paz, shirika la hisani lililoanzishwa na padri Ángel García, ili kazi isife pamoja naye.

Mimi nasema alikuwa fundi, tena fundi mkubwa, japo hakuwa na cheti hata kimoja. Yeye mwenyewe aliliweka kanisa lile chini ya jina la Bikira Maria wa Pilar. Watu wa Mejorada, ambao zamani walimcheka, leo huliita Kanisa Kuu la Justo.